Maji Niliyoyanywa Juu ya Kisiwa

Mimi ni mtu wa kuwahesabu waliokosea. Watu wananisema kwa hilo na hawanisingizii. Nikikaa pale soko la mahindi Kibaigwa na ungo wangu, mikono inapepeta mahindi ya matajiri, mdomo unapepeta wanadamu. Aliyeniharibu nyonga namjua: msimamizi wa ghala, mwanamume mwenye sauti nyembamba, ndiye aliyewaambia vijana wachomoe magunia ya safu ya chini wakati sisi wanawake tumekaa hapo hapo chini ya mlundo, eti lori linasubiri. Aliyemharakisha namjua pia: dalali, alikuwa amesimama mlangoni anapiga miluzi kama anaita mbwa. Aliyeniambia sitapanda tena hata ngazi ya baraza ni daktari, na alinitamkia hivyo macho yake yakiwa kwenye simu. Na aliyeondoka mguu wangu ukiwa bado umefungwa, akaenda Kiteto kutafuta shamba, akapata shamba na mwanamke ndani yake, huyo ni mume wangu. Majina yao yote ninayo. Siyaandiki, lakini wakisoma watajijua.

Tulikuwa wawili chini ya yale magunia. Mwenzangu alitolewa amekufa. Mimi nilitolewa hai, na tangu siku hiyo sijanyamaza.

Ila haya ninayoandika si ya magunia. Ni ya Ijumaa mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka huu huu, nilipokwenda Dodoma bila kuaga mtu, nikapanda mlima ulio katikati ya maji, na nusura nimpotezee mwanangu kazi.

Mwanangu ni binti, wa pekee. Ana miaka ishirini na nne. Alisoma chuo cha mambo ya maji, akapata nafasi katika ofisi moja pale Dodoma, lakini ilikuwa bado ya majaribio. Miezi mitatu wanakuangalia, ukikosea wanakurudisha ulikotoka. Siku ile alikuwa anatoka Morogoro kwenye semina, akanipigia kwamba basi lao litasimama Kibaigwa, nimletee karanga na mlenda mkavu. Nikajikongoja mpaka barabarani na kifurushi changu. Sikuwa nimeoga. Nywele nyeupe kwa vumbi la mahindi, kanga ya kazini, ndala ambazo moja nimeishona kwa waya.

Nikampa kifurushi dirishani. Akanitazama. Hakusema shikamoo kwanza, kitu ambacho si kawaida yake. Akasema, "Mama, panda."

"Nipande wapi?"

"Humu. Twende nyumbani kwangu. Hujawahi hata kupaona."

"Na ungo wangu nimemwachia nani?"

Konda akadakia kutoka mlangoni, "Mama, unapanda au unauza? Kama unauza, zunguka upande wa kivulini, abiria wana njaa!"

Watu wakacheka. Sijui ni kicheko kile au ni nini. Nilijishtukia nimeshika bomba la mlango, na konda yule yule mwenye maneno akanishika mkono akanivuta taratibu, akasema, "Polepole mama yangu, gari ni lako." Nikampigia jirani kwenye simu kumwambia alaze ungo. Akauliza nimekwenda wapi. Nikamwambia, "Mjini," akadhani namtania.

Dodoma niliyoijua mimi ilikuwa ya vumbi na mbuzi. Sasa jamani, nasema kweli, mimi si mtu wa kusifu, lakini tulipoingia na jua linashuka nilibandika uso dirishani. Barabara ina njia nne na katikati wamepanda maua, na maua yamemwagiliwa. Maua! Kwenye nchi ambayo sisi tulioga maji ya bakuli moja watoto watatu. Magorofa yanang'aa vioo. Wanawake wamepanga zabibu kwenye ndoo pembeni, nyeusi, zimejaa kama shanga. Nikamuuliza binti, "Haya yote yalikuja lini?" Akasema, "Wakati wewe umekaa pale ghalani, mama." Hakulisema kwa ubaya. Ila lilinichoma.

Anakaa Kizota, chumba kimoja nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Chumba ni kidogo lakini nilikiangalia kama mtu anayekagua nyumba ya mkwe. Kitanda kimetandikwa. Vyombo vimefunikwa. Ukutani amebandika karatasi yenye mistari mirefu na mifupi, akaniambia ile ni mvua ya mwaka jana, mwezi kwa mwezi. Nikauona mwezi wa kwanza, mstari mfupi, nikakumbuka mahindi yalivyokauka wima. Akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda nilioleta. Tulipokuwa tunakula simu ikalia.

Alikuwa bosi wake. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, bosi." "Kesho?" "Peke yangu?" "Ndiyo, bosi, nitafika."

Akaeleza. Kule bwawa la Mtera, katikati ya maji, kuna kilima ambacho bwawa lilipojaa kikabaki kisiwa. Juu yake ofisi imeweka chombo cha kupimia mvua. Kila Jumamosi mtu anakwenda kusoma, anaandika kwenye kitabu, na namba inatakiwa ifike ofisini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayekwenda siku zote anaumwa. Gari la ofisi halipo. "Nikiikosa hiyo namba, mama, miezi mitatu yangu inaishia hapo. Ameniambia wazi."

Angalia mtu huyo. Ijumaa usiku unaingia, unamtuma mtoto wa kike peke yake, bila gari, akavuke maji na mwenye mtumbwi asiyemjua. Nikasema, "Naenda na wewe."

"Mama, kuna mlima."

"Nitakaa kwenye mtumbwi."

"Hujui kuogelea."

"Na wewe unajua?"

Akacheka. Hajui. Sisi tumezaliwa Haneti, tungeogelea kwenye nini?

Alfajiri tukapanda basi la Iringa. Nje ya dirisha nchi yote ilikuwa ya kijani kwa wiki zile chache inazovaa nguo nzuri. Tulipita Fufu, tukapita Chipogolo, barabara ikaanza kushuka, na mbele nikaona kitu cheupe kimelala mpaka mwisho wa macho. Nilidhani ni ukungu. Binti akasema, "Ndiyo maji yenyewe."

Sikuwa nimewahi kuona maji ambayo huoni ng'ambo yake. Miti iliyozama zamani imesimama humo imekauka, kila mti una ndege juu kama umezaa. Nilisimama ufukweni nikiwa nimeshika fimbo yangu, na sikuwa na mtu wa kumlaumu hata mmoja.

Mwenye boti alikuwa mvuvi wa makamo, Mhehe wa upande wa Iringa, na Wahehe na sisi Wagogo ni watani. Binti akamsalimia, "Shikamoo baba." Akaitikia, kisha akanigeukia mimi, akasikiliza ninavyosema, akacheka kabla sijamaliza.

"Huyu ni mtani wangu! Mgogo kabisa! Umekuja kuomba maji, mtani? Leo chukua, mengi, hata ndoo sikudai."

"Nimekuja kutafuta mbwa wetu," nikamjibu. "Alipotea, nikaambiwa kaonekana anaelekea kwenu Iringa, na akielekea huko harudi, mnamtia chunguni."

Akapiga paja. "Panda, panda, mtani. Ukianguka majini nitakuja msibani kwako nile bure." Tangu hapo tukawa ndugu. Akanivalisha boya la kifuani, akalikaza kamba mwenyewe, akaniambia nishike ubao na nisiangalie chini. Akasema upepo unaanza mchana, lazima tuwe tumerudi kabla haujachafuka.

Kisiwa chenyewe ni mawe makubwa yamepandana, na miti ya miiba, na pimbi wanakimbia kwenye nyufa. Si mlima wa kuogopesha kwa mtu mwenye miguu miwili. Mwenye boti akatia nanga kwenye kivuli. Mimi nilisema nitabaki. Binti akavaa begi lake, akaanza kupanda, nikamtazama anavyokanyaga, haraka na kwa uhakika, anajua jiwe lipi limekaa na lipi linacheza. Nikaona hivi, huyu mtoto nimemzaa mimi? Nikashuka kwenye boti.

"Mtani, unakwenda wapi?" akauliza yule.

"Namfuata mtoto wangu."

"Na hiyo nyonga?"

"Nyonga inakuja nyuma."

Mimi sipandi kama watu. Mguu wangu wa kushoto haunyanyuki kupita goti. Kwa hiyo nilikaa kwenye jiwe, nikaupa mlima mgongo, nikasukuma kwa mikono na mguu mzima, nikajivuta makalio mpaka jiwe la juu yake. Hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe, kinyumenyume. Binti alipogeuka akaniona akapiga kelele. Akarudi. Hakunikataza. Alilitua begi lake kwenye kivuli cha jiwe nusu ya njia, ili mikono yote miwili iwe huru, akanishika chini ya kwapa, akawa ananivuta kila ninaposukuma. Tulikuwa tunahesabu: moja, mbili, haya! Jasho lake lilinidondokea usoni. Kupanda kinyumenyume kuna faida moja, unaona ulikotoka. Niliona boti inakuwa ndogo, ikawa kama ganda la karanga, na maji yanazidi kuwa makubwa, na mbali kabisa mito miwili inaingia bwawani, mmoja mwekundu, mmoja wa rangi ya chuma. Nililia kidogo. Binti alidhani naumia.

Juu kabisa ni tambarare, jiwe moja pana kama sakafu. Katikati wamesimamisha mkebe wa bati, mdomo umeangalia mbinguni. Binti aliniketisha kwenye kivuli cha kichaka. Akafungua mkebe, akatoa humo chupa nyeupe inayoonyesha ndani, ina maji. Akaiinua juani, akatabasamu. Kisha akaja akaiweka juu ya jiwe mbele yangu, sawasawa, asije akaimwaga. Akasema, "Subiri hapo mama, nakuja." Akageuka, akashuka, akapotea nyuma ya mawe.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mtaniona mjinga.

Kwa bibi yangu Haneti, maji yalitoka mbali, na hakuna aliyemuuliza mgeni kama ana kiu. Ni kumwaibisha. Atasema hana, kwa heshima. Mgeni akifika na jua, mwenyeji anatoa kibuyu, anakiweka mbele yake chini, anasema "nakuja," anaondoka, anajifanya ana kazi nyuma ya nyumba. Anaondoka ili asimwone anavyokunywa, mgeni anywe mpaka moyo utosheke. Na mgeni hunywa yote. Ukibakiza, umesema maji ya nyumba ile si mazuri. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea binti huyu. Chumbani kwake Kizota alinifanyia hivyo hivyo usiku ule, kikombe mbele yangu, yeye nje.

Koo langu lilikuwa limekauka kama gunia. Maji yetu yalibaki kwenye begi, kule nusu ya njia. Na mtoto wangu amenitolea maji ya mvua, maji ya juu kabisa, ameniwekea mbele, ameondoka. Niliona ni heshima kubwa kuliko yote niliyowahi kupewa na mtu. Nikaishika chupa kwa mikono miwili. Nikanywa yote. Yalikuwa ya baridi na yana ladha ya bati kidogo. Nikairudisha chupa pale pale ilipokuwa.

Binti akarudi amebeba begi. Humo alikuwa na kitabu na kioo chenye namba, cha kupimia mvua. Alikuwa amevifuata.

Akasimama. "Mama. Maji yako wapi?"

"Nimekunywa, mwanangu. Matamu. Mungu akuzidishie."

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba. Akasema, "Mama, hayo ndiyo kazi yenyewe."

Alipoeleza, kwamba ile chupa ilikuwa mvua ya wiki nzima na kwamba kazi yote, basi, boti, mlima, ilikuwa kuyamimina yale maji kwenye kioo na kusoma namba, nilitamani mawe yale yaniporomokee. Miaka yote hii mimi ndiye ninayepiga kelele kwa ajili ya uzembe wa watu. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikajisikia ninavyosema.

Mwenye boti akawa amepanda, anahema, amekuja kutuambia upepo umeanza. Akatukuta tumekaa kama watu wa matanga. Binti akamwambia.

"Amekunywa mvua?" Akanitazama mimi, akaitazama chupa. "Mtani, wewe sasa umezidi. Mvua yenyewe kwenu haba, na hii kidogo umeimeza?" Alitaka kucheka, akaona uso wa binti, akaacha.

Nikasema, "Lete chupa. Yalifika hapa." Nikaweka kidole gumba.

"Una uhakika, mama?"

"Mimi nimeishi kwa kipimo miaka ishirini. Mtu akinipunja kiganja kimoja kwenye debe najua kwa kutazama. Yalifika hapa, juu kidogo ya huu mkunjo wa chupa."

Akachukua maji ya kunywa kwenye begi, akajaza chupa mpaka kwenye kidole changu, akayamimina kwenye kioo, akasoma. Ikatoka namba. Mwenye boti akasema, "Haya, mwanangu, imekwisha. Andika hiyo, tushuke. Nani atajua?"

Na mimi nikasema, nawaambia ukweli, nikasema, "Andika, mwanangu. Namba ni namba."

Binti akatikisa kichwa. "Hiyo si namba ya mvua, mama. Ni namba ya kidole chako. Watu watalima kwa hii namba. Watafungua maji na kufunga maji kwa hii namba." Alisema kwa upole. Kazi yake ilikuwa imelala pale kwenye kalamu, anaijua, na sisi wazee wawili tunamsukuma aichukue. Hakuichukua. Pale penye namba akachora mstari mtupu. Pembeni, penye maelezo, akaandika kwa penseli namba ya kidole, na mbele yake neno "kadirio." Kisha akaandika maneno mengine akafunga kitabu.

"Umeandika nini hapo mwisho?"

"Sababu, mama. Twende, upepo."

"Nipe nione."

Niliishia darasa la nne, lakini nasoma, polepole. Alikuwa ameandika: Maji yalimwagika kwa bahati mbaya.

Nilisoma mara mbili. Mimi nina karatasi moja nyumbani, nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Ni ile waliyoandika baada ya ajali yetu. Inasema magunia yaliporomoka. Basi. Hakuna aliyesema "chomoa," hakuna aliyepiga miluzi, magunia tu yalichoka kukaa yakaamua kuporomoka, na mwanamke mmoja akafa. Miaka minane naisoma ile karatasi natafuta mtu ndani yake simpati.

"Hayakumwagika," nikasema. "Nimeyanywa. Andika kwamba nimeyanywa."

"Mama, nitakuandikaje? Watakucheka."

"Wacheke. Andika: maji yalinywewa na mama yangu mzazi. Andika na kwamba sikujua. Andika na kwamba uliyaacha ukafuata begi, maana hata wewe umo."

Mwenye boti akashika kichwa. "Nimeona mengi kwenye maji haya. Mgogo anayeng'ang'ania kesi yake mwenyewe sijapata kumwona!"

Binti akafuta, akaandika yote, na lake pia. Akanisomea kwa sauti. Upepo ulikuwa unapekua kurasa.

Kushuka sikukumbuki vizuri. Nakumbuka mwenye boti alinibeba mgongoni mahali pa mwisho, ananisimanga njia nzima kwamba sasa mzigo ni mimi na wiki nzima ya mvua. Mawimbi yalipiga, tulilowa, nilishika ubao na sikuogopa kifo, niliogopa ile simu.

Ufukweni mtandao ulishika. Saa kumi na moja. Binti akapiga, akaeleza kila kitu amesimama wima kama askari. Kisha akanipa simu. "Anakutaka wewe."

"Shikamoo mama," sauti ikasema. Ya kijana tu.

"Marahaba. Ni mimi niliyekunywa."

"Yote, mama?"

"Yote. Kwetu hayabakizwi."

Kijana akasema, "Mama, ile ilikuwa mvua ya siku saba."

"Nimeambiwa. Nimekosa. Na wewe uliyempigia Ijumaa usiku aje huku peke yake bila gari, na wewe pia uandikwe."

Binti alininyang'anya simu kana kwamba nimeshika kaa la moto. Nilisikia akisema, "Ndiyo, bosi. Jumatatu saa mbili. Na kitabu." Basi.

Jumapili tulikaa Dodoma kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Baada ya kanisa alinipeleka kuona kituo cha treni ya umeme. Jengo kama kitu kilichoshuka kutoka juu, sakafu unajiona sura. Nilipanda ngazi zinazotembea zenyewe, nikamwombea daktari wangu msamaha kwa Mungu, kidogo tu. Binti alininunulia zabibu, tukala tumekaa ukutani. Hakunilaumu hata mara moja. Nilisubiri anilaumu, ningejua la kujibu. Yeye alikuwa ananionyesha treni inavyoingia bila kelele. Nilimtazama pembeni ya uso. Mimi nilipoumizwa nilijenga nyumba ndani ya lile jeraha nikahamia. Huyu ameumizwa na mama yake mwenyewe jana, na leo anachambua mbegu za zabibu na kuniwekea mkononi.

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi yao, karibu na mlinzi. Alikaa ndani muda wa kuchemsha maharage. Alipotoka alikuwa na karatasi.

"Wamekufukuza?"

"Nimepewa onyo la maandishi. Na miezi mitatu inaanza kuhesabiwa upya."

"Lakini kazi?"

"Kazi ipo, mama. Amesema wengi wangeandika ile namba na asingejua kamwe. Ameuacha ule mstari mtupu kama ulivyo."

Nilimshika mkono. Kisha nikauliza, "Na gari?"

"La gari hajasema kitu."

Nikajua pa kumweka huyo bosi kwenye hesabu yangu ya waliokosea. Lakini nilimweka mwishoni, chini ya wote.

"Kuna jambo moja lingine," binti akasema, na sasa midomo ilikuwa inamcheza. "Ameagiza Jumamosi nipeleke kibao kule juu, nikifunge kwenye mkebe. Kiandikwe: Maji haya si ya kunywa."

"Kule juu kuna pimbi tu. Nani atakisoma?"

"Wewe," akasema. "Boti ni saa tatu. Na safari hii tunapanda na kibuyu chako mwenyewe."